Petroli Ikivuja Kwenye Gari la Zamani: Kuisaka Inakotoka na Kubadilisha Mipira Yote

Harufu ya petroli ndani ya gari la zamani si harufu ya uzee. Peugeot 504, Datsun 1200, Volkswagen Beetle au Land Rover ya miaka ya 1970, ikiwa nzima, haitakiwi kunuka petroli hata ikilala wiki nzima chini ya banda. Ukiinusa, ujue iko mahali inatoka.

Hapa Mombasa mipira ya petroli, yaani yale mabomba laini yanayopitisha petroli, haimalizwi na kilomita. Humalizwa na joto na miaka, na paipu za chuma humalizwa na chumvi. Gari lililoegeshwa mtaa wa Tudor miaka kumi, likitolewa Jumapili tu kwenda ufukweni Mama Ngina na kurudi, laweza kuwa na mipira mibovu kuliko teksi ya kila siku. Ndiyo maana mpira mmoja ukipasuka hatuubadilishi peke yake: wenzake walitiwa siku moja nao, wamepigwa na joto lile lile, na hawatachukua muda kumfuata.

Kabla ya kushika spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukapotea, hutambaa chini kama maji hadi ukute moto, na moto mitaani kwetu hauko mbali: jiko la mkaa la jirani anayekaanga mahamri, sigara ya mpita njia, fundi wa kuchomelea vyuma upande wa pili wa ukuta. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la kaskazi. Kwa hiyo fanya kazi asubuhi na mapema, injini ikiwa imepoa, mahali pa wazi penye upepo. Usifanye gerejini ukiwa umefunga mlango, na usisimamishe gari juu ya shimo la mafundi, kwa sababu mvuke utajaa mle mle utakamosimama.

Fungua boneti, ngoja dakika kumi mvuke utawanyike, ndipo utoe waya wa hasi wa betri. Usikimbilie betri kwanza. Terminali hutoa cheche inapotolewa. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, na huko nako fungua milango kwanza.

Weka kizima moto cha unga cha kilo 2 au zaidi mahali ambapo mkono utakifikia ukiwa umelala chini ya gari. Kikiwa ndani ya buti hakina kazi. Ndoo ya maji iache, petroli huelea juu ya maji na moto utasambaa nayo. Ndoo ya mchanga mkavu ni afadhali. Mwanga uwe wa tochi ya betri, si balbu ya kuning'iniza kwenye waya, maana tone moja la petroli baridi likidondokea balbu ya moto, kioo hupasuka. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Na ile tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo na kipande cha mpira iachwe kabisa: ikiteleza ikaingia mapafuni, ni hospitali. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta inafanya kazi hiyo.

Harufu ikikukuta barabarani, simama pembeni, zima injini, watu wote washuke. Usijaribu kufika nyumbani taratibu. Na kama uko kwenye foleni ya feri ya Likoni, toka kwenye foleni. Gari linalovuja petroli halipandi kivukoni likabanwa katikati ya mamia ya watu.

Inavuja wakati gani?

Swali hili hupunguza nusu ya kazi, na wengi hawajiulizi.

Ikivuja ukishajaza tangi tu, kisha ikakoma yenyewe tangi likishuka, usihangaike na injini. Shida iko juu ya tangi: mpira mnene wa shingo ya kujazia, kile kipaipu chembamba cha kupumulia, au gasketi ya geji ya petroli. Mpira wa shingo hupasuka upande wa chini usioonekana. Pitisha kidole, utahisi nyufa kabla hujaziona.

Ikidondoka injini ikinguruma na kukoma ukiizima, tafuta upande wa kusukuma, yaani kutoka pampu hadi kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Pampu ya kawaida inayosukumwa na kamu (shafti yenye vinundu ndani ya injini) hutoa presha ndogo tu, psi 2 hadi 5 hivi, lakini hiyo yatosha kurusha petroli nyembamba kama uzi hadi kwenye manifoldi ya ekzosi, yaani paipu la moshi linaloshikana na injini. Manifoldi yenye moto hupita joto ambalo mvuke wa petroli hujiwasha bila cheche. Uvujaji huu ndio unaochoma magari.

Ikivuja gari likiwa limelala, na injini ikiwaka huoni hata tone, basi ni upande wa kunyonya, kutoka tangi hadi pampu. Hapa ndipo watu wanapopotea. Injini ikiwaka, paipu ile inanyonywa, kwa hiyo tundu halitoi petroli bali linaingiza hewa. Ukizima, petroli iliyobaki hutoka polepole na kuacha doa chini. Gari lenye shida hii huenda vizuri mjini, kisha likifika mwinuko wa Mazeras linakohoa na kuishiwa nguvu, na kabureta inafunguliwa na kusafishwa mara tatu bila kuonekana kosa. Ili kujua, weka kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, cha sentimita 20 hivi, kabla tu ya pampu, kisha washa na uongeze mwendo wa injini. Viputo vichache mwanzoni si neno. Viputo vinavyopita mfululizo vinamaanisha hewa inaingia mahali nyuma ya hapo. Ukimaliza kutazama, kitoe. Mpira wa aina hiyo hukauka na kuwa mgumu kama plastiki ya kalamu.

Ikinuka dakika chache baada ya kuzima injini moto, tazama kabureta kabla ya mipira. Mara nyingi ni sindano ya floti (boya dogo ndani ya kabureta linalofunga petroli ikijaa) isiyofunga kwa sababu ya punje ya kutu, na petroli inafurika juu. Igonge kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikikoma, umepata jibu, na jibu lingine ni kwamba tangi lina kutu na filta haifanyi kazi.

Kuna uvujaji mmoja usiotoa tone. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili imepanda kupita alama ya juu na inanuka petroli, daiframu ya pampu, ule utando laini unaopanda na kushuka ndani yake, imepasuka na petroli inaingia ndani ya injini. Usiliwashe tena gari hilo. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno, haishiki kwenye beringi. Badilisha daiframu au pampu nzima, mwaga oili, tia mpya na filta mpya, ndipo uwashe.

Kufuata unyevu

Petroli haidondoki pale inapotokea. Hutembea juu ya paipu, ikafuata chesisi, ikadondoka mita moja nyuma. Futa sehemu yote kwa kitambaa kikavu, kisha nyunyiza poda ya mtoto au unga wa chaki kwenye kila kiungo. Weka katoni safi chini. Rudi baada ya nusu saa: petroli itakuwa imechora njia nyeusi kwenye poda, na sehemu iliyolowa juu kabisa na mbele kabisa ndiyo mwanzo wake. Uvujaji wa siku nyingi huacha pia rangi ya kahawia inayonata, kama chai iliyokaukia kikombeni. Mahali penye rangi hiyo hata pakiwa pakavu pashuku.

Mpira wenyewe upime kwa mkono. Ukunje karibu na klipu, pale unapotoka kwenye chuma, kisha uutazame kwa tochi. Mpira mzima hukunjika na kubaki laini, mweusi, bila mistari. Mpira uliokwisha huonyesha nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kisigino cha mvuvi, na wakati mwingine hurudi polepole au haurudi kabisa. Ukichomoa, tazama na upande wa ndani: ukiona umevimba na kutoa punje nyeusi kidoleni, punje hizo ndizo zilizokuwa zikiingia kwenye kabureta.

Dukani

Pima kwanza. Magari mengi ya enzi hiyo hutumia mpira wa milimita 8, ambao dukani huitwa 5/16, kwa njia kuu, na wa milimita 6, au robo inchi, kwa njia ya kurudisha petroli tangini kama ipo. Usiamini kukisia, chukua kipande cha zamani mkononi. Pima urefu kwa uzi ukifuata mikunjo, ongeza sentimita 20. Kwa gari lenye paipu ya chuma chini yake na mipira kwenye ncha tu, mita 2 hadi 3 hutosha.

Ukimwambia muuzaji, "Kaka, nipe mpira wa mita mbili," atakupa wowote ulio karibu. Mwambie mpira wa petroli, na usome maandishi ubavuni. Kwa gari la kabureta tafuta SAE 30R7; 30R9 hustahimili presha kubwa zaidi na ndio wa magari ya injeksheni (yasiyo na kabureta), lakini hata kwa kabureta ni mzuri, na tofauti ya bei haifai kubishaniwa. Mpira usioandikwa chochote, wa kompresa ya upepo, wa maji ya wipa au wa gesi ya jikoni usiununue hata ukifanana. Ukiwa na shaka, kata kipande cha kidole kimoja, kitumbukize kwenye chupa ya petroli hadi kesho. Kikivimba na kulainika, au petroli ikawa nyeusi, umeokoa gari.

Klipu nazo ni nusu ya kazi. Zile za bendi yenye meno yaliyotoboka, ambazo fundi wa bomba hutumia, hukata mpira mwembamba: meno huuma, mpira unachanika chini ya bendi, na uvujaji unarudi baada ya mwezi. Nunua zile za bendi laini iliyokunjwa kingo, zinazokazwa kwa bolti ndogo na nati. Mpira wa ndani milimita 8 una unene wa nje wa kama milimita 14, chagua klipu inayobana kipimo hicho katikati ya uwezo wake. Mbili kwa kila kipande. Chukua pia filta mpya, na washa (pete bapa za kuzibia) za shaba kama pampu yako ina bolti za kupitisha petroli. Washa za zamani zimeshabanwa, hazizibi tena.

Kubadilisha

Punguza petroli iliyo tangini hadi ishuke chini ya mdomo wa paipu, au andaa kizibo cha kuziba paipu mara tu unapoufungua mpira. Kwenye magari ambayo tangi liko juu kuliko pampu, petroli itashuka yenyewe na haitakoma hadi tangi liishe. Tumia jerikeni ya chuma iliyowekwa chini, si juu ya plastiki wala mkononi.

Mpira uliokauka usiuvute kwa koleo. Utaipinda paipu, na kwenye kabureta utang'oa kipaipu cha shaba. Uchane kwa wembe kwa urefu, juu juu, kisha uufungue kama ganda la ndizi. Safisha ncha ya chuma kwa msasa laini, upanguse vizuri. Hapo tazama kama kuna ule ukingo ulioinuka karibu na mdomo. Ndio unaoshika mpira usichomoke. Paipu iliyokatwa na kubaki laini haishiki chochote, hata ukaze klipu namna gani.

Kata mpira mpya kwa kisu kikali, mraba, si kwa msumeno unaoacha vumbi la mpira ndani. Vaa klipu kwanza (husahaulika sana), kisha sukuma mpira uingie milimita 25 kamili. Tone la oili safi husaidia; sabuni ya maji hapana. Klipu ikae nyuma ya ukingo, milimita 3 hivi kutoka mwisho wa mpira, isikae juu ya ukingo wenyewe. Kaza hadi mpira uanze kuinuka kidogo kando ya bendi, basi. Anayekaza hadi mwisho ndiye anayerudi wiki ijayo.

Filta ina mshale, uelekee kabureta. Zile filta za kioo zinazong'aa ni nzuri kwa macho tu, oringi yake (pete ya mpira) huvuja. Usiitundike filta yoyote juu ya ekzosi au distributa, kile kigawa umeme wa plagi.

Pampu ikifunguliwa kubadilishwa daiframu, skrubu za kifuniko zikazwe kwa kupishana, na mkono wa pampu uwe umebanwa chini wakati unakaza, ili daiframu ipate nafasi ya kunyumbuka. Ukikaza mkono ukiwa huru, daiframu itakuwa imevutwa na itachanika mapema. Pampu za umeme za kuungaunga ni suala jingine: nyingi husukuma zaidi ya kabureta inavyoweza kuzuia, petroli inafurika, na gari likigongwa zinaendelea kusukuma. Ukiitia moja, weka na swichi ya kuikata wakati wa ajali.

Neno kwa wenye Beetle. Mipira inayoonekana nyuma kwenye injini si yote. Kuna mmoja mbele chini ya tangi, na mwingine pembeni mwa giaboksi, pale paipu inapotoka kwenye handaki la katikati ya gari, na hizi mbili ndizo zinazosahaulika miaka thelathini. Mipira yake ni ya milimita 5. Ukitia ya 6 na kukaza klipu hadi ishike, itavuja. Halafu kishike kile kipaipu cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, ukizungushe kwa vidole. Kimeshindiliwa tu, hakina nati, na kikilegea huchomoka injini ikiwaka na kumwaga petroli juu ya injini. Kikicheza, kabureta itolewe, kishindiliwe upya na fundi anayejua kazi za vipimo vidogo kabla gari halijatoka nje ya geti. Na usining'inize filta hapo, uzito wake ndio unaokilegeza.

Paipu ya chuma

Kutu haianzii pale panapoonekana. Huanzia chini ya vishikizo, ndani ya mipira ya kupitishia ukutani, na popote matope yaliposhikilia unyevu. Toa kila kishikizo, piga brashi ya waya. Paipu ikibaki na vishimo unavyoweza kuingiza ukucha, hiyo imekwisha.

Mafundi wengi hukimbilia paipu laini ya shaba ya fundi wa friji, kwa kuwa ni rahisi kukunja. Tunaipinga. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikiso na kupasuka kwenye kiungo, na petroli ikikaa ndani yake huganda utomvu upesi. Tumia paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, isiyoshika kutu hata kwa hewa ya bahari, au chuma kilichopakwa zinki. Paipu ya breki ni nyembamba mno kwa kazi hii.

Kama kipande kimoja tu ndicho kibovu, kata pande zote mbili hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa, pima, na uunganishe kipande kipya kwa vipande vifupi vya mpira. Kila ncha ipanuliwe kwa kifaa cha kupanulia midomo ya paipu ili ipate ukingo. Kikunjo kisiwe kikali kuliko duara la soketi ya milimita 50. Ifunge kila sentimita 30 hadi 40, mbali na kebo ya hendibreki, na upana wa kiganja au zaidi kutoka ekzosi. Kabla ya kuunganisha pampu na tangi, pitisha upepo ndani yake, kwani vumbi la kukata litakwenda moja kwa moja kwenye kabureta.

Tepu nyeupe ya fundi bomba haina kazi kwenye viungo vya kupanuliwa. Kinachoziba pale ni chuma kwa chuma. Vipande vya tepu hukatika na kuishia kwenye sindano ya floti.

Tangi

Tundu dogo la tangi huzibwa barabarani kwa sabuni ya kipande iliyosuguliwa, na kweli inashika, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Ni dawa ya kukufikisha gereji, si ya wiki. Ukanda wa tyubu ya baiskeli hauna hata faida hiyo, petroli huulainisha. Na usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi likiwa garini, wala lililotolewa na "kukaushwa juani". Tangi tupu lina mvuke na hewa ndani, na ndilo linalolipuka. Lililojaa lina hatari ndogo zaidi. Mpelekee fundi wa rejeta anayejua kuliosha kwa maji ya moto na kulijaza maji kabla ya kuligusa na moto.

Kuwasha

Rudisha betri mwisho. Toa waya wa koili, zungusha injini kwa stata mara tatu za sekunde kumi ili pampu ijaze mipira, kisha pitia kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Rudisha waya, washa, acha ingurume dakika kumi, pitia tena. Zima, ngoja robo saa injini ikiwa moto, pitia mara ya tatu. Asubuhi yake tazama katoni. Baada ya kilomita 100 kaza klipu robo mzunguko kama zimelegea, kwani mpira mpya hujikalia.

Uoshe upande wa chini wa gari kila mwezi, lakini kwa maji matamu. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, na anayeosha chesisi kwa maji hayo anaipaka kutu. Petroli uliyotoa ikiwa chafu usiimwage mtaroni. Iweke kwenye jerikeni yenye kifuniko, iandike, na umpe fundi wa kuoshea vyuma.